Mgeni wa Maktabani

Kilichomkera Laurette kwanza ni ile harufu. Gaël alirudi kwao Overport, Durban, kutoka safarini, shati linanuka waridi na karatasi zilizolowa. Mke gani atasikia marashi asiyoyanunua yeye kwenye shati la mumewe, halafu chakula kishuke?

"Ulishinda wapi?"

"Maktaba, chérie, mpenzi wangu."

Maktaba! Huyu bwana alikuwa akiuza vifuniko vya simu miji ya mbali, na kila alikofika, hata chai hajanywa, alishaulizia maktaba. Akiwa nyumbani, Jumamosi yuko maktaba ya mtaani. Wenzake wana baa. Laurette hakuwahi kuamini kwamba mtu mzima anaweza kupenda vitabu kiasi hicho bila kuwa na sketi nyuma ya rafu.

Tangu safari hiyo nyumba ikabadilika. Kurasa zilisikika zikifunguliwa chumbani wakati hamna mtu. Laurette, msusi anayesifiwa salon nzima, aliamka akakuta rasta alizojisuka jana kichwani zimefumuliwa zote, moja moja, bila haraka. Akalia, kwa hasira zaidi kuliko kwa hofu.

Jumamosi akamfuata mumewe, akajibanza nyuma ya rafu. Gaël alikuwa anasoma huku akitabasamu, na mbele yake palikuwa na kiti kitupu na kitabu kilichofunguliwa, na Laurette alipokuwa akitazama huku akijiambia ni upepo, ni feni, ni macho yangu, ukurasa wa kile kitabu ukainuka, ukasita kama mtu anayemalizia mstari, ukageuka, na ile harufu ya waridi ikamjaa puani mpaka akakimbilia nje kutapika.

Alimburuta Gaël hadi mtaa wa Jacobs, kwa Mama Félicité, mwanamke wa maombi.

"Kule safarini ulikaribisha nani?" Mama Félicité aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna, Mama. Labda... nilikula mkate nje ya maktaba. Kulikuwa na mwanamke kwenye benchi. Nikamwambia karibu, karibu hata kwetu Durban. Si heshima tu? Nani huwa anakuja kweli?"

"Huyu amekuja. Mgeni wako, umsindikize wewe mwenyewe mpaka pale ulipomkuta, umuage vizuri. Laurette, wewe ubaki nyumbani. Akikuona atasema umekuja kumgombania mumeo, na yeye iko na nguvu kukushinda. Umesikia, binti yangu?"

"Nimesikia, Mama."

Kusikia alisikia. Lakini asubuhi alimnyemelea Gaël hadi stendi, akamwona akifungua mlango wa teksi, akasogea pembeni kwa adabu, akangoja mtu asiyeonekana apande kwanza. Hivyo hivyo alivyokuwa akimfungulia yeye Laurette zamani za uchumba! Miaka mingapi hajafunguliwa mlango? Eish, akapanda teksi iliyofuata.

Alimkuta amesimama kando ya benchi, nje ya ile maktaba.

"Asante kwa kututembelea," Gaël alikuwa akisema. "Hapa ndipo kwenu. Kwaheri."

Harufu ya waridi ilianza kufifia. Ilikuwa inaondoka, Laurette alihisi kabisa inaondoka, angenyamaza kidogo tu. Lakini hiyo sauti ya upole!

"Mwambie!" alipiga kelele. "Mwambie mke wako ni mimi!"

Gaël hakugeuka. Harufu ilirudi kwa kishindo, mlango wa maktaba ukafunguka wenyewe, naye Gaël akaingia ameinama kidogo, mkono wake umeshikwa na kitu, na Laurette akamkimbilia ndani, akapita rafu baada ya rafu akiita jina lake, na watu wakainua vichwa kumkodolea macho, na kila alipokata kona harufu ikawa nzito zaidi, mpaka akamkuta kwenye meza ya mwisho kabisa, ametulia, kitabu mkononi.

"Gaël, twende nyumbani. Nisamehe. Twende."

Akainua macho, akamtazama kwa ule upole anaoutumia kwa wateja asiowajua. Kisha akaweka kidole mdomoni.

"Taratibu, dada, tafadhali," alinong'ona. "Mke wangu anasoma."