Gari Lililouzwa Kimyakimya

Gari lilikuwa halijatimiza juma mikononi mwao lilipoanza kudai mkanda wa abiria asiyekuwepo.

Mwanamkasi alikuwa peke yake asubuhi hiyo, anatoka mtaa wa International City, hapo Dubai, kwenda sokoni Naif kununua mchele. Taa nyekundu ikawaka, king'ora kikaanza kulia: ti, ti, ti. Akajipapasa kifuani, mkanda wake aliufunga. Akatupa jicho kwenye kiti cha pili. Kitupu. Hapana mkoba, hapana hata chupa ya maji. King'ora kikazidi kasi, kikawa kama kinamgombeza. Kwa kuchoshwa tu alinyoosha mkono, akauvuta ule mkanda wa pili, akaufunga juu ya kiti kitupu. Kimya. Kabla hajarudisha mkono kwenye usukani, akauona mkanda ukijikaza na kulegea, ukijikaza na kulegea, kama kifua cha mtu anayepumua.

Alipomhadithia mwenzake wakikata vitunguu, Teopista alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kiwiko.

"Hiyo waya imekufa tu, Mwana. Gari ya mitumba ni kama bwana wa mitumba. Lazima utakuta alizoea mambo ya kwake."

Teopista alikuwa binti wa Masaka, Uganda, miaka ishirini na saba, mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye nywele nyingi alizozisuka mwenyewe bila kioo. Alikuwa mlinzi wa hoteli kabla ya kukutana na Mwanamkasi, mpishi wa Likoni. Teopista akatoa akiba yake, Mwanamkasi akatoa leseni ya udereva aliyoipata baada ya kuanguka mtihani mpaka akaona haya kuhesabu, wakaanza biashara ya chakula cha mchana: pilau, maharage ya nazi, matoke, kwa walinzi na mafundi wa majengo mapya ya Al Jaddaf. Kafeel wao, Mwarabu aliyewadhamini viza, aliwaruhusu wapike kwa jina la mgahawa wake, kwa sharti moja. "Chakula kikichelewa, watu wananipigia mimi," aliwaambia. "Wakinipigia sana, khalas, nafuta viza zenu zote mbili."

Bila gari, basi, hapakuwa na biashara. Na bila biashara hapakuwa na Dubai.

Walilinunua Sharjah, kwa mtu mmoja mwembamba aliyetaja bei mara moja, na walipoomba apunguze akakubali kabla hawajamaliza kusema. Herbert, fundi wa Kiganda waliyekwenda naye, alilala chini ya gari, akasikiliza injini, akaona safi. "Ina ugonjwa gani, boss?" akamwuliza muuzaji. Mtu yule akatazama viatu vyake. Hakusema linao, hakusema halina. Alinyoosha ufunguo tu, na Mwanamkasi alipoupokea, mtu yule alishusha pumzi kama aliyetuliwa gunia.

Ikafa rejeta. Ikafuata pampu ya maji, kisha alteneta. Kila mara Herbert alitia kipuri kipya, cha kwenye boksi, na kila mara kilikufa upesi. Siku aliyowaita gerejini kwake Ras Al Khor hakuwa na utani wake wa kawaida. Aliwavuta pembeni, mbali na vijana wake, akafungua gazeti alilokuwa amelikunja. Ndani yake mlikuwa na pampu.

"Hii niliweka mimi, kwa mikono yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Mliiona ikiwa mpya. Itazameni."

Chuma kilikuwa kimeliwa na kutu mpaka kikafanya vitundu, kama kitu kilichofukuliwa kaburini. Herbert alikigusa kwa kidole, kikamong'onyoka kama mkate mkavu.

"Labda maji mabaya?" Mwanamkasi akauliza.

"Maji hayali chuma namna hii. Hiyo ni miaka, nyabo. Kama imekaa humo miaka arobaini." Akalikunja gazeti. "Uzeni. Msiniletee tena."

"Tuuze tununue nini, Herbert? Kila tulichonacho tumeshakitia humo."

Na huo ndio ulikuwa ukweli. Matengenezo yalikuwa yamekwishapita bei ya gari. Kila pesa waliyoitia iliwafunga zaidi; ukishaweka rejeta mpya utaachaje kuweka pampu, na ukishaweka pampu utaliachaje gari kwa ajili ya alteneta? Herbert alitikisa kichwa, akachukua spana.

Ikaingia Agosti, jua la kukausha mate mdomoni. Pilau lililotoka jikoni likinukia bizari lilifika Al Jaddaf limechacha, utando mweupe juu yake kama la juzi. Walinzi wakaanza kupiga simu kwa kafeel. Ndani ya gari kukawa na harufu isiyotoka hata kwa udi, harufu ya chumba kilichofungwa na mzee mgonjwa ndani. Na Teopista, ambaye hukaa kiti cha mbele kila siku, akaanza kulalamika kwamba mkanda umekuwa mfupi.

"Nimenenepa?" aliuliza, akiuvuta kwa nguvu. "Na hii kiti, mbona moto? Kiyoyozi kinapuliza, lakini kiti ni moto kama mtu ametoka kukaa."

Hakunenepa. Alikuwa amekonda. Mwanamkasi aliziona mvi kwanza, shungi moja juu ya sikio. Kisha akaiona mikono, ngozi imelegea na mishipa imesimama. Akanyamaza. Alijiambia ni kazi, ni joto, ni mawazo. Kila asubuhi alimfungulia mwenzake mlango wa mbele, kwa sababu nyuma kulijaa masufuria, na kila asubuhi kitu ndani yake kilimwambia asifungue.

Gari lilizimika Al Jaddaf adhuhuri moja, kwenye barabara isiyo na mtu kati ya majengo ambayo hayajaisha na maji ya khori. Kiyoyozi kikafa. Teopista alikuwa amesinzia. Siku hizo alisinzia sana. Mwanamkasi akashuka kutafuta msaada, hakuona hata mbwa, akarudi mbio huku lami ikimnatanata viatuni, na alipofika hatua chache kutoka kwenye gari akamwona Teopista kupitia kioo, kichwa kimelala upande, mdomo wazi, mikono yake miwili imening'inia ubavuni, na juu ya tumbo lake, chini ya mkanda, akaona mikono mingine miwili imekumbatana, mirefu, ya rangi ya majivu, yenye vidole vilivyokuwa vikipapasa taratibu kama mama anayembembeleza mtoto aliyempakata, na hapo ndipo akaelewa kwa nini mkanda haufiki na kwa nini kiti kina moto, kwamba siku zote hizo Teopista hakuwa amekaa kitini, alikuwa amepakatwa na mtu, na mtu huyo sasa alikuwa akiinua uso polepole nyuma ya bega la Teopista ili aone nani amesimama dirishani.

Mwanamkasi hakukumbuka alivyoufungua mlango. Alikumbuka tu kwamba mkanda ulikataa, kwamba aliukata kwa kisu cha nyama, na kwamba alipomvuta Teopista nje, alikuwa mwepesi kama kapu.

Hawakuwa na pa kwenda ila kwa Bi Sheikha, bibi wa Kizanzibari aliyehamia Dubai zamani na kukaa kwa mwanawe, mtaa wa Rashidiya. Teksi ya kwanza kupita ikawafikisha. Alikuwa mteja wao wa mikate ya kumimina, na watu walisema ana kisomo. Teopista alikuwa Mkristo, ameikamata rozari yake. Bi Sheikha akamwambia asiiachie.

"Shikamoo, Bi Sheikha."

"Marahaba, wanangu. Mlaze hapo kwenye mkeka. Nani kakuuzieni maradhi haya?"

Alifukiza ubani, akasoma muda mrefu, akamnyunyizia maji usoni. Teopista akafumbua macho. Sasa, Teopista hakuwahi hata siku moja kusema Kiswahili ngeli zikakaa sawa. Lakini sauti iliyomtoka hapo ilisema Kiunguja safi, laini, cha watu wa zamani.

"Kusoma unajua, Bi Mkubwa. Lakini mie sikumvamia mtu."

"Umekaa ndani ya chombo cha watu."

"Nimeuzwa. Wa kwanza alinijua, akanificha, akaniuza pamoja na chuma chake. Wa pili naye kanijua, kanificha. Kila anyamazaye hunipa kiti."

"Wala nini humo?"

"Kilicho kipya."

Mwanamkasi alishika mdomo. Bi Sheikha hakutikisika. "Utatoka lini?"

"Siku mwenye gari atakaponitaja mbele ya mnunuzi." Kifua cha Teopista kikatikisika kwa kicheko. "Nao hawatonitaja. Maskini, wana shida."

Teopista akazirai. Bi Sheikha akamfunika kanga, akamgeukia Mwanamkasi.

"Umesikia mwenyewe, mwanangu. Kisomo changu kitamtuliza tu. Kitu hiki kinakaa ndani ya aibu iliyofichwa. Aibu ikitajwa, hana pa kukaa."

"Lakini atakayeambiwa hatanunua, bibi."

"Hatonunua."

"Basi sisi tutakula nini?"

Bi Sheikha alimshika mkono, akaupapasa. 

Usiku huohuo Teopista alitema jino. Asubuhi akatema jingine. Hospitali walipima damu, wakapima tena, wakasema hawaoni kitu, na kujua kwamba hawaoni kitu nako kulikuwa na malipo yake. Kafeel alishapiga simu: mwisho wa mwezi, khalas.

Ndipo Kenneth akapiga. Alikuwa Mkenya, kijana wa Kisumu, ameliona tangazo la kuuza gari ambalo Mwanamkasi aliliweka mtandaoni; angekuja na mkewe, Rispah, na pesa taslimu.

"Uza," Teopista alisema kutoka kitandani. Sauti ilikuwa ya bibi kizee. "Uza, usiseme kitu. Mimi nataka kwenda kwetu, Mwana. Sisi nani alituambia?"

"Teo, alivyosema yule ni kwamba nisipomtaja hatoki."

"Atatoka kwangu, aende nao! Hiyo si kutoka?" Akaanza kulia bila machozi. "Ungekuwa wewe ulikaa kile kiti, ungeuza."

Mwanamkasi hakuwa na hakika kwamba ni uongo. Alishuka ngazi na ufunguo mkononi, na kwa kila ngazi alijiapiza kwamba atauza.

Kenneth alizunguka gari, ambalo lilikuwa limevutwa hadi maegesho ya jengo lao, akagonga boneti, akapiga teke tairi kama wafanyavyo wasiojua magari. Rispah alikuwa na mimba kubwa. Alifungua mlango wa mbele mwenyewe, akaingia, akajiegemeza kwa raha.

"Ai, Ken, hii kiti iko na joto poa," alisema. "Mgongo wangu ulikuwa unauma, saa hii hata siusikii."

"Iko na shida yoyote, dada?" Kenneth akauliza. Bahasha ilikuwa imeshatoka mfukoni.

Mwanamkasi akatazama viatu vyake. Aliona jinsi ilivyo rahisi. Hata uongo hauhitajiki; unanyoosha mkono tu. Na alikuwa ameshaunyoosha alipomwona Rispah akiinamia tumbo lake, na chini ya viganja vyake, viganja vingine vya rangi ya majivu vikipanda taratibu kulizunguka lile tumbo.

"Toka!" alipiga kelele. "Mama, toka! Gari hili lina jini! Lilikuwa nalo tulipolinunua, likatuharibia kila kitu, limemla mwenzangu, nami nilitaka kukuuzia! Ndiyo aibu yake! Lina jini!"

Kenneth alidhani Mwanamkasi amepata mnunuzi mwingine, akaanza kufoka. Hakumaliza. Rispah alikuwa ametupwa nje kama aliyesukumwa, amepiga magoti kwenye lami, na nyuma yake vioo vyote vinne vikashuka kwa pamoja. Ukatoka upepo wa moto wenye ile harufu ya chumba cha mgonjwa, ukawapita usoni, ukasikika ukikwaruza juu ya mapaa ya magari mengine hadi mwisho wa maegesho. Kisha gari likazeeka. Mbele ya macho yao rangi ilipauka, ikababuka, kutu ikatambaa kutoka kwenye milango, tairi zikapasuka na kuinama moja moja, na kitambaa cha viti kikadondoka kama majani makavu. Waliposhusha pumzi, palikuwa na gofu ambalo hata mwenye skrapu alitaka alipwe ndipo alikokote.

Rispah hakudhurika. Kenneth alimwinua, wakaondoka bila kugeuka.

Juu chumbani Teopista alikuwa ameketi kitandani, anapumua vizuri. Hakukonda tena tangu siku hiyo, wala hakutoa jino jingine. Lakini kilicholiwa hakikurudi. Bi Sheikha alikuja, akamtazama kwa muda, akamkata kucha, akamsuka nywele zilizobaki, nyeupe zote. Kafeel alifuta viza. Walinzi wa Al Jaddaf, walewale waliopiga simu kulalamika, walichangishana tiketi ya Entebbe.

Uwanja wa ndege, msichana wa kaunta alitazama pasipoti, akamtazama mwenye pasipoti, akairudisha kwa upole.

"Mama, umechukua ya binti yako," alisema. "Tafuta yako mkobani."

Teopista alitaja tarehe yake ya kuzaliwa. Akataja jina la baba, jina la mama, akaandika sahihi, akaandika tena. Msichana akamwita mkubwa wake, mkubwa akalinganisha sahihi, akalinganisha kovu la juu ya nyusi, na wote wawili wakaacha kumtazama machoni. Wakampa kibali chake cha kupanda ndege.

Mwanamkasi alimsindikiza mpaka mahali ambapo wasindikizaji huishia. Alitaka kuomba radhi, akashindwa kujua aanzie wapi.

"Usilie, Mwana. Yule mama na mtoto wake wako wazima," Teopista alisema. Akautengeneza mtandio. "Kwetu mtoto akirudi nyumbani anampigia mama yake magoti. Nitapiga. Lakini mama ana miaka hamsini tu. Ataniinua haraka, aseme, hapana, bibi yangu, mimi ndiye wa kukupigia wewe. Halafu ataniuliza kama kwenye ndege nimemwona mtoto wake."