Darasa la Kwanza Ng'ambo ya Lami

Foleni ya kuandikisha darasa la kwanza ilikuwa imefika getini. Dorika, kitenge cha njano kiunoni, alimshika binti yake Flora kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa umekikunja cheti cha kuzaliwa mpaka kimelowa jasho.

"Dada, utakichana hicho," alisema mwanaume nyuma yake. Alikuwa Sostenes, fundi aliyekuwa akijenga madarasa mapya hapo hapo shuleni. Alikuja kumwandikisha Catherine, mtoto aliyeachiwa na marehemu mkewe.

"Baba yake Flora aligongwa na lori akafa kwenye barabara hii," Dorika alinong'ona. "Shule ya upande wetu imejaa. Kila siku atavuka hapa."

"Nitawavusha wote wawili. Wangu na wako."

Wakapeana namba, na simu zikaanza. "Umekula, mrembo?" "Fundi, leo hujengi?" "Najenga, ila kwenye kila tofali naona sura yako." Dorika akacheka, jambo ambalo hapo Singida mjini hakuwa amelifanya kwa miaka miwili, tangu mumewe afe.

Jumatatu moja, saa sita, alimfuata Flora akakuta dawati tupu. "Ameondoka na mwanaume," mlinzi mpya alisema. Akampigia Sostenes: hapatikani. Akakimbia kandokando ya lami akichungulia kila mtaro, akiogopa kuona kiatu kidogo cheusi.

Saa nane wakatokea, Flora mgongoni mwa Sostenes.

"Mwizi wa watoto! Usinipigie tena!" Dorika alifoka.

Sostenes alimtua mtoto polepole, akageuka akaondoka.

Nyumbani, Dorika alipomvua Flora sweta aliona bandeji kwenye kiwiko.

"Nilianguka kwenye mawe, mama. Baba Catherine alinikimbiza zahanati. Simu yake ilizima."

Siku tatu Dorika alipiga simu, haikupokelewa. Ya nne akaenda mwenyewe penye ujenzi, mbele ya mafundi wote.

"Nisamehe, Sostenes. Niliogopa."

"Na mimi niliogopa. Ile damu! Nilimwona marehemu mke wangu. Halafu ukaniita mwizi."

"Nimekosa. Lakini nisikudanganye: hofu hii haitaisha mpaka watoto wamalize la saba."

Sostenes alifuta saruji mikononi. "Basi tuogope tukiwa nyumba moja."

Machozi yalimtoka Dorika, na kicheko kikafuata.

"Nenda kijijini Sepuka ukaniombe kwa baba. Ila shikamoo yako iwe nzito, mzee yule ni mkali."

"Jumamosi?"

"Kesho, fundi. Kesho."