Onyesho la Wazee wa Mringaringa

Kibaka alichagua vibaya. Soko zima la Mbuyuni limejaa Jumamosi ile, akina mama wameinamia ndizi na mitumba, yeye akaona mkoba wa Theodora: mjane wa Kibosho, miaka sitini na saba, gauni la kitenge cha zambarau, hereni za dhahabu na mdomo usiojua kunyamaza.

"Mwizi! Mshikeni huyo! Mvunjeni miguu!"

Walimkamatia mbele ya maduka ya mchele. Ngumi, mateke, kisha mtu akaja na nondo. Damu iliruka hadi kwenye magunia. Theodora alikuwa ndani ya duara lile, kiatu mkononi, akingoja zamu yake. Ndipo mzee mmoja mrefu, koti la kijivu na kofia ya pama, akapenya katikati na kumwinamia yule kijana. Nondo iliyolenga kichwa cha kibaka ikamshukia yeye begani.

"Mkoba umepatikana," alisema akiuma meno. "Mnatafuta nini tena?"

"Adabu!" alijibu Theodora.

"Hiyo adabu unataka kumfundisha kwa kisigino, mama?"

Mtu akacheka, wengine wakafuata, na mikono ikalegea. Kibaka akapata upenyo akatoweka akichechemea. Theodora alibaki na hasira isiyo na pa kwenda.

"Umemtorosha mwizi wangu."

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo ya nini? Sisi ni rika moja, ila wewe umechakaa zaidi."

"Basi vaa kiatu, rika langu. Umekuwa mfupi upande mmoja."

Alitaka kumtukana. Badala yake alicheka, akajichukia kwa kucheka.

Siku tisa baadaye Theodora alihamia Makao ya Wazee Mringaringa, kwenye mwinuko juu ya mji, kwa kuwa watoto wake wako Mwanza na nyumba ya Kibosho ilikuwa imemshinda. Mtu wa kwanza kumwona barazani, bega moja limefungwa bandeji na mkono wa pili una brashi ya rangi, alikuwa mzee yule yule wa sokoni. Jina lake Eliakim. Mlutheri wa Machame, mpishi mstaafu wa safari za mlimani, mgane wa miaka minane.

"Umenifuata," alisema.

"Nikufuate wewe? Nimefuata uji wa masista."

Mringaringa kulikuwa na jambo la ajabu. Mara tatu kwa wiki alikuja mwalimu wa sanaa, binti mmoja aitwaye Goodness, na kuwafanya wazee wachore, wafinyange na waigize. Mwanzoni Theodora alinuna. Amelea watoto saba, leo afinyange ng'ombe wa udongo? Mwezi haukwisha, akawa anagombania udongo na wenzake. Na simu ikaanza kulia.

"Haloo, nani?"

"Mlima umefunguka, hauna wingu. Chungulia kabla haujajifunika."

"Eliakim, kati yetu kuna vyumba vitano tu. Huwezi kutembea?"

"Nikija, Sista Priska ananiona. Nikipiga, ni vocha yangu, mpenzi."

"Mpenzi wako nani?"

"Aliyefunga kitambaa cha njano asubuhi."

Hakukata simu. Mwanamke asiyetaka hukata simu, na Theodora alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Kisha Goodness akataka mchezo wa kuigiza. "Leteni maisha yenu wenyewe," aliwaambia. Theodora akatoa yake, bila kupunguza. Mume wake, marehemu Thadeus, alimpiga kwa miaka ishirini na miwili. Alimvunja mfupa wa bega. Jicho la kushoto lilibaki linaona ukungu. Wazee walisikiliza wakiangalia sakafu. Mwishoni mwa mchezo, Theodora mwenyewe angefungua mlango na kuondoka, jambo ambalo katika maisha hakulifanya.

Nani awe Thadeus? Eliakim alikataa. Theodora ndiye aliyembembeleza.

"Afadhali wewe. Wewe sitakuogopa."

Siku ya mazoezi walimpa gazeti lililoviringishwa liwe fimbo. Eliakim aliingia, akajifanya anafunga mlango. Kisha, taratibu, akafungua mkanda wa saa ambayo hakuwa nayo, akaiweka dirishani, akageuka kumtazama.

Mwili wa Theodora uliganda. Habari ya saa hakuwa amemwambia mtu. Kila mara Thadeus alivua saa hivyo hivyo, polepole, isije ikavunjika.

"Usinisogelee!" Alikamata chungu kibichi rafuni akakirusha. Cha pili kilimpata Eliakim kifuani, cha tatu kilipasukia ukutani. "Mbwa wewe! Nani alikufundisha kuvua saa?"

Hakungoja jibu. Alijifungia chumbani, akazima simu, asitoke hadi jioni.

Eliakim alipiga mara kumi na moja. Siku ya nne akafanya alichofundishwa na wazazi wake: alikata jani la isale, akalifunga fundo, akampa Mzee Sirili wa chumba cha jirani alipeleke. Uchaggani jani hilo ndilo ombi la msamaha, na anayeletewa hulipokea. Eliakim wa watu alitaka kuomba radhi kwa kumtisha, basi.

Lakini isale haikatwi na asiye na kosa. Theodora alipoliona tu mkononi mwa Sirili alisoma maungamo: huyu naye alimpiga mkewe, marehemu Mektrida. Tena lilikuwa jani lile lile. Mara sita Theodora alikimbilia kwao, mara sita Thadeus alituma isale, na mara sita wazee walilipokea na kumrudisha akapigwe. Safari hii alilichana vipande.

Sirili aliinama kuokota vipande. "Theodora! Anayekataa isale hamalizi mwaka!"

"Mwambie nitakufa nimesimama."

Goodness alitaka kuahirisha onyesho. Theodora akakataa, akataka na Eliakim abaki palepale kwenye nafasi yake. "Nataka watu wamwone."

Jumapili alasiri ukumbi ulijaa watoto na wajukuu kutoka Marangu, Rombo, hata Dar. Theodora alivaa gauni jeupe lenye mkanda mweusi, nywele kazisuka. Mstari wa mbele aliketi Hellen, binti wa Eliakim, muuguzi wa zahanati ya Kwa Sadala. Mchezo ulikwenda vizuri mpaka pale Theodora alipotakiwa kufungua mlango. Aliupita mlango. Akachukua bakora ya Eliakim iliyoegemezwa kitini, bakora ya mti mzito, akageuka.

Pigo la kwanza lilimpasua Eliakim nyusi. Watu walipiga makofi, wakidhani ni usanii.

"Hii ya bega langu!" La pili lilishuka mkononi, na kidole kikalia. "Hii ya jicho!" La tatu shingoni. Damu ilishuka kwenye shati. Eliakim alipepesuka, lakini hakuinua mkono wala hakurudi nyuma. Makofi yalikufa.

Hellen alikuwa ameshapanda jukwaani. "Unamuua baba!"

"Baba yako analijua kosa lake!"

"Kosa gani?"

"Kamuulize mama yako kaburini!"

"Mama yangu hakuwahi kupigwa hata kofi!" Hellen aliunyaka mkono wenye bakora. "Mimi nimelala nyumba ile miaka ishirini. Baba hata kuku alimchinjia kwa jirani, mama asione damu!"

"Na saa? Saa aliijulia wapi?"

Eliakim alikuwa amekaa sakafuni, damu ikimwingia jichoni. "Kwa baba yangu," alisema. "Alipotaka kumpiga mama aliivua akanipa niishike. Nilikuwa na miaka sita. Mama analia, mimi nimesimama na saa ya baba mkononi."

Bakora ilianguka. Hakuna aliyeiokota.

Hellen alimshona babake nyuzi nne katika chumba cha huduma ya kwanza, akamfunga kidole kwa kibao. Sista Priska, msimamizi wa makao, alikuwa ameshasema: mtu aliyemwaga damu ya mwenzake hawezi kulala Mringaringa. Alitaka kuita polisi. Eliakim akaomba kwanza aachwe na Theodora, mlango ukiwa wazi.

"Inauma?" aliuliza Theodora kutoka kizingitini.

"Sana."

"Kwa nini hukunizuia?"

"Nilidhani ukimaliza utapona."

"Sijapona." Machozi yakamtoka. "Nilipoona damu nilifurahi, Eliakim. Nilifurahi kama yeye. Nilikuwa nampiga Thadeus, na Thadeus yuko ardhini. Aliyeumia ni wewe."

"Ndiyo, ni mimi."

"Sikuletei jani lolote. Nakuambia kwa mdomo: nimekukosea. Ukikataa, ni haki yako, na nitaondoka kimya."

Eliakim aligusa nyuzi kwenye nyusi. Alimpenda, na kwa mara ya kwanza alikuwa anamwogopa, na hakutaka kumdanganya kuhusu yote mawili.

"Nakusamehe," alisema. "Lakini ukinipiga tena, nitaondoka. Siku hiyo hiyo, hata kofia siichukui."

Theodora alimtazama. Mama yake alimwambia vumilia. Padri alimwambia sali. Mashangazi walimwambia pika vizuri. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba kupigwa ni sababu ya kutosha ya kuondoka. Sasa alikuwa anaambiwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amempiga, na mtu huyo hakuwa anatania.

"Na ukiinua mkono wewe?" aliuliza.

"Ondoka kabla sijaushusha."

"Hata wazee wakija?"

"Hata wakija na msitu mzima wa isale."

Theodora aliingia, akachovya pamba kwenye maji ya uvuguvugu, akaanza kumfuta damu iliyokauka sikioni. Eliakim alishtuka kidogo mkono wa Theodora ulipomgusa. Wote wawili waliona. Theodora akangoja mpaka alipotulia, ndipo akaendelea.

"Basi nioe," alisema.

"Leo? Na uso huu?"

"Niliolewa na mwenye uso mzima, nikaona yaliyonipata."

Eliakim akacheka, akaguna kwa maumivu. "Sista amekufukuza, Thea. Tutakaa wapi?"

"Kibosho kuna nyumba. Bati linavuja, lakini mlango wake una komeo kwa ndani, na ufunguo nitakupa wa kwako."

Eliakim aliunyoosha mkono wake mzima. Theodora akaushika.