Taito ya Babu Prince

Nianze na aibu yangu mwenyewe kabla sijaumbuliwa na wengine. Lile bango nililichora mimi. Lilikuwa refu kama meza mbili, herufi za dhahabu, na kwenye kona nikaweka upanga. Liliandikwa: MEJA PRINCE GADSON, SHUJAA WETU. Kanisa zima lilisimama likapiga makofi. Nami nilipiga, tena kwa nguvu, nikiupigia ule upanga wangu. Hakuna aliyeuliza swali hata moja.

Sasa sikilizeni jinsi Verdell alivyotuingiza humo, na jinsi alivyotutoa.

Verdell Gadson ni mpishi wa shule hapa kisiwani St. Helena, pwani isiyo mbali na mji wa Savannah. Asubuhi yuko jikoni, mchana anawapakulia watoto wali mwekundu, jioni anarudi nyumbani na kuvua viatu. Mumewe Lucius ni mvuvi wa kaa. Naye akirudi humletea mkewe njugu za kuchemsha, wakakaa barazani wakitania. Maisha yao ni hayo, na walikuwa hawayalalamikii.

Lakini Verdell alikuwa na jambo moyoni. Mama yake, siku chache kabla ya kufa, alimshika mkono akamwambia, "Babu Prince alipigania uhuru wetu, na juu ya kaburi lake kuna ganda la kome tu. Mwekee jiwe, mwanangu."

Prince alikuwa babu wa babu yake Verdell. Alizaliwa mtumwa hapa hapa, kwenye mashamba ya pamba. Vita vya Kaskazini na Kusini vilipokuja, vile vilivyomaliza utumwa, akavaa sare ya bluu ya Kaskazini. Ukoo mzima ulijua hivyo. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua kitu.

Mwezi wa kumi, maktaba ya kisiwani ikaanza kuonyesha filamu kila Jumamosi mchana. Filamu za utumwa na za vile vita. Verdell akaenda, akamburuta Lucius. Lucius alikwenda kwa ajili ya kiti. Pale viti ni vya sponji. Taa zikizimwa, naye anazimika.

Filamu ya kwanza ilimpandisha Verdell mzuka. Mtu mweusi, juu ya farasi mweupe, upanga mkononi, anaongoza askari elfu. Verdell alimfinya Lucius goti mpaka akaamka. Walipofika nyumbani hakuvua hata koti. Alikwenda moja kwa moja kwenye Biblia ya ukoo. Ndani ya jalada kulikuwa na mwandiko wa Hagari, bintiye Prince: "Prince, baba yangu. Taito: Meja."

Verdell akaona taito maana yake ni cheo, na meja ni ofisa. Akakaa chini, akamwonyesha Lucius.

Lucius akasema, "Kumbe nimeoa ukoo wa maofisa. Ndiyo maana humu ndani naamrishwa."

Wiki ile ile Verdell akajaza fomu. Ipo ofisi ya serikali inayotoa mawe ya makaburi bure kwa askari waliozikwa bila jiwe. Kwenye jina akaandika: Meja Prince Gadson. Kisha akamwambia mchungaji, mchungaji akatangaza, nami nikanunua rangi ya dhahabu. Tukapanga kwamba mwezi wa tano, Siku ya Kupamba Makaburi, jiwe litakuwa limesimama.

Jumamosi ya tatu ikaja filamu nyingine. Bahati mbaya au nzuri, Lucius alichelewa akapata kiti cha mbao. Usingizi ukakataa. Ikabidi aangalie. Filamu hii ilikuwa ya kikosi cha watu weusi, waliokuwa watumwa jana na leo ni askari. Katikati ya filamu sauti ya Lucius ikasikika ukumbi mzima. "Samahani jamani. Mbona wenye panga wote ni wazungu?"

Watu wakamnyamazisha. Verdell akamkanyaga mguu.

"Nauliza tu, mama. Meja wetu yuko wapi?"

Bi Odessa Polite, mtunza maktaba, akaisimamisha filamu. Hakukasirika. Alisema hilo ndilo swali zuri kuliko yote aliyoyasikia tangu filamu zianze. Akaeleza kwamba hapa visiwani vikosi vya weusi viliongozwa na maofisa weupe, karibu wote. Maofisa weusi walikuwepo, lakini wachache wa kuhesabika, na majina yao yanajulikana.

Verdell akachukua koti lake akatoka. Njiani alimwambia Lucius kwamba mtengenezaji wa filamu ile ana wivu. Lucius, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, hakutania.

Jumatatu barua ikafika. Ofisi ya serikali ilisema kwa upole kwamba hakuna Meja Prince Gadson kwenye orodha za jeshi. Wakatafuta na Prince Gadson mtupu, asiye na cheo. Naye hayupo.

Verdell aliisoma mara tatu, amesimama, aproni bado kiunoni. Alishamwahidi marehemu mama yake. Alishatangaza kanisani. Sasa akajiuliza kama babu Prince alikuwa askari kweli, au ukoo mzima uliota. Jumapili hakwenda kanisani. Jumapili ya pili pia hakwenda. Dada wa kwaya walipokuja kumjulia hali, Lucius aliwaambia ana mafua.

Jumanne akaamua. Akaitia Biblia ndani ya foronya, akaipakata kama mtoto mchanga, akaenda nayo maktaba. Lucius akamfuata nyuma.

Alimweleza Bi Odessa yote, hata bango. Bi Odessa alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia kwamba wa kulaumiwa kwanza ni yule farasi mweupe. Mwenye filamu anataka uondoke umefurahi, kwa hiyo pengine anaongeza farasi. Anapunguza miaka. Watu watano anawafanya mmoja. Haina maana kwamba yote ni uongo.

"Filamu inakufungulia mlango, dada," alisema. "Kuingia ndani ni kazi ya miguu yako. Haya, nionyeshe huo mwandiko."

Akausoma. Akausoma tena. Kisha akapiga meza kwa kiganja na kuanza kucheka, akacheka mpaka miwani ikamtoka. Verdell alikaribia kuibeba Biblia yake aondoke.

"Kaa, dada, kaa. Bibi yangu alikuwa akikutana na mtoto asiyemjua barabarani, anamsimamisha. Anamuuliza, 'Wewe mtoto, taito yako nani?' Unafikiri alikuwa anataka kujua kama ni jenerali?"

Verdell akairudisha Biblia mezani. Kwa sababu alikumbuka. Bibi yake yeye, dukani, mwenye meno mawili na kofia ya zambarau, alikuwa akiwauliza watoto wa watu vilevile. Taito yako nani? Nao walijibu: Simmons. Chisolm. Green. Kwa wazee wa visiwani, taito ilikuwa jina la ukoo! Neno lilikuwa la kwao, wamelizika pamoja na wazee wao, halafu wakalisoma kama wageni.

"Kwa hiyo Meja..." akasema Verdell.

"Ni jina," akasema Bi Odessa, na vidole vyake tayari viko kwenye kompyuta.

Wote watatu waliinamia kioo, vichwa vikagongana. Bi Odessa akaandika: Meja, Prince. Orodha ya askari ikafunguka. Mstari mmoja tu ukatokea. Prince Meja. Aliandikishwa Beaufort, mji wa hapo ng'ambo. Askari wa kawaida.

Verdell akaugusa mstari kwa kidole. Lucius akakisogelea kioo zaidi, akasema, "Tepe hata moja hana, lakini amekuwa Meja tangu siku ya kwanza. Huyu ni mkwe wangu kabisa."

Hapo Bi Odessa akawatuliza. Jina peke yake halitoshi, akasema. Huenda walikuwepo akina Prince wawili, kisiwa hiki kina majina ya kurudiarudia. Wanahitaji vitu viwili au vitatu vinavyolingana: mke, mtoto, mahali. Askari wengi walioishi mpaka uzeeni waliomba pensheni, na kuomba kwao kuliandikwa, kwa sababu serikali iliwahoji kama mashahidi mahakamani. Faili likiwepo, liko Washington. Akamwuliza Verdell anachokijua kutoka kwenye Biblia. Verdell akataja: mke, Dido. Binti, Hagari. Wakaandika ombi, wakalituma.

Wiki saba. Verdell aliunguza mikate ya shule mara mbili wiki zile. Lucius aliacha kulala kwenye filamu. Alikuja na penseli.

Siku nakala za faili zilipofika, Bi Odessa alipiga simu jikoni shuleni. Verdell alikuja mbio na kofia ya kuzuia nywele kichwani. Kurasa zilikuwa arobaini na moja. Karani wa zamani yule alikuwa na mwandiko wa mikia mikia, lakini maneno yalikuwa ya Prince, yameandikwa kama alivyoyasema. Verdell akasoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari:

"Naitwa Prince Gadson. Nilipoingia jeshini karani aliniandika kwa taito ya bwana aliyenimiliki, Meja. Sikuwa na nafasi ya kubishana. Baada ya vita watu walinicheka. Kila nilipopita walinipigia saluti, Meja Prince, Meja Prince. Nikachoka. Nikachukua taito ya baba yangu, Gadson."

Verdell akaondoa kidole. Kisha Lucius akaanza kutetemeka mabega, na Verdell naye, na Bi Odessa, wakacheka mpaka machozi. Utani waliomtania Prince miaka mia na hamsini iliyopita, sisi tuliurudia kanisani kwa rangi ya dhahabu.

Ukurasa uliofuata ulitaja mke: Dido. Na mtoto: Hagari. Vililingana. Verdell alisimama akacheza kati ya rafu za vitabu, na kofia yake ya nywele, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Palikuwa na mstari mmoja uliomkalisha. Prince alisema: "Mama yangu aliuzwa Savannah nikiwa mdogo." Basi. Karani hakuandika jina lake.

Verdell akajaza fomu upya na kuambatisha nakala. Jumapili akasimama kanisani, akaeleza kosa lake lote bila kujificha, na mahali pa kucheka akatuachia tucheke. Mimi nilifuta neno MEJA kwenye bango, nikaipaka rangi ile kona yenye upanga. Nikachora penseli.

Tangu hapo mambo pale maktaba yamebadilika. Kila kiti kina karatasi. Ukiona kitu kwenye filamu usichokielewa, unanyoosha mkono, filamu inasimama, mnauliza: hili lilikuwa kweli? Limeandikwa wapi? Filamu ya saa mbili sasa inakula saa nne, na nusu ya mikono ni ya Lucius. Familia kumi na moja zimeleta Biblia zao kwenye foronya. Nne zimeshampata mtu wao. Wengine walikuwa wanatafuta cheo, kama sisi. Wengine walikuwa wanatafuta jina ambalo mtu wao alilitupa zamani.

Jiwe lilifika mwezi wa nne. Siku ya Kupamba Makaburi tulikwenda wote, na maua, na kwaya, na bango. Ganda la kome Verdell hakuliondoa. Alilisogeza tu, likawa mguuni pa jiwe. Jiwe jeupe, limechongwa hivi: PRINCE GADSON. ALITUMIKIA KWA JINA LA PRINCE MEJA. ASKARI WA KAWAIDA. Lucius akasimama wima mbele yake akapiga saluti, na safari hii haikuwa ya dhihaka. Kwaya ikaimba. Watu wakapiga makofi, na kila mmoja alijua anachokipigia.

Wimbo ulipokwisha, Verdell akapiga magoti kwenye nyasi. Akaweka kiganja juu ya jiwe, kama mtu anayemwamsha mzee taratibu.

"Babu," akasema. "Na mama yako je? Tupe jina lake tu. Taito tutaitafuta wenyewe."