Selotepu Chini ya Viatu vya Deo

Wanachama wote wa ukurasa huu, simameni wima.

Mimi, Kiranja Mstaafu, mwandishi wenu mwenye heshima zake, natangaza rasmi kwamba kaka yangu wa tumbo moja, Deo, mtoto wa Mzee Gelasius wa Irving, Texas, amesaini kucheza hoki ya barafu ya kulipwa na timu moja ya Houston!

Ni mshambuliaji wa pembeni. Ni mtu wa kwanza katika ukoo wetu kulipwa kwa kuteleza. Sisi wengine tumeteleza bure.

Makofi tafadhali.

Haya, kaeni. Na hayo makofi yaacheni.

Siku Deo alipoipata nafasi hiyo, rafiki yake alifukuzwa mbele ya macho yangu kwa kosa ambalo hakulifanya.

Nina uhakika hakulifanya...

Nililifanya mimi.

Ilikuwa siku ya mwisho ya mchujo, Houston. Nje joto la kukaangia mayai, ndani ya uwanja tumejikunyata na makoti. Imebaki nafasi moja tu ya mshambuliaji. Wanaoigombea wawili: Deo na Précieux, kijana wa Kikongo, mtoto wa Mama Faustine wa hapo hapo Houston.

Deo akafika kwenye mlango wa barafu. Akavua kava za plastiki zinazolinda vyuma vya viatu, akaingia kwa mbwembwe kama kawaida yake.

Miguu ikagoma.

Akaenda kifudifudi. Kidevu kilivyogonga barafu, hata sisi wa jukwaani tulisikia.

Wachezaji wakacheka. Kwenye hoki huo ni mzaha wa siku zote: unambandika mwenzako selotepu isiyo na rangi chini ya vyuma, haoni kitu, akikanyaga barafu anakwenda chini. Watu hucheka, na aliyeanguka naye hucheka.

Deo hakucheka. Alipoinua uso, barafu ilikuwa nyekundu.

Akakaa pale pale. Akaibandua selotepu mwenyewe, akaitazama kwa muda... kisha akaifinyanga kiganjani.

Kocha akauliza nani kafanya. Kimya. Wakapekua mabegi. Selotepu ya aina ile ile ikatoka kwenye begi la Précieux, imetoka kukatwa. Na Précieux ndiye aliyekuwa anagombea nafasi na Deo. Na Deo alikuwa analala kwao wakati wote wa mchujo. Mtu yeyote angejumlisha.

Kocha hakupandisha sauti. Alisema mzaha wa siku ya kawaida ni mzaha, lakini wa siku ya mwisho ya mchujo ni hujuma, na mtu wa hivyo hamtaki.

Précieux alimgeukia Deo, akasema kwa Kiswahili:

"Deo. Unanijua."

Deo alikuwa amekandamiza taulo kidevuni. Akaangalia pembeni.

Na mimi? Nilikuwa jukwaani, bisi zimejaa mdomoni.

Nikauchuna.

Sasa tulieni niwape historia, la sivyo hamtaelewa uzito wa bisi zile.

Deo alianza hoki akiwa darasa la kwanza, shule ilipowapeleka kwenye ukumbi wa barafu. Watoto wenzake walilia kwa kuanguka. Yeye alilia alipoambiwa basi limefika, twende nyumbani.

Kuanzia hapo nyumba yetu ikawa inaendeshwa na barafu. Mama yetu, Joyceline, ni nesi. Alikuwa akitoka zamu ya usiku anampeleka Deo mazoezini kabla hajalala, anasinzia kwenye benchi na sare zake za hospitali. Baba alipakia mizigo uwanja wa ndege, akaongeza zamu juu ya zamu, maana mtoto anakua na viatu vya barafu havikui naye.

Alipofika miaka kumi na sita, Deo aliondoka nyumbani. Ndivyo wanavyofanya kwenye mchezo huu. Mtoto anapelekwa mbali kuchezea timu ya vijana, anaishi na familia asiyoijua, analala chumba cha watu, anakula chakula cha watu. Yeye alipelekwa Minnesota, huko ambako baridi inaingia mpaka kwenye mawazo.

Chumba alichopewa kilikuwa na vitanda viwili. Kwenye cha pili alikuwa Précieux.

Hebu fikirieni wenyewe. Mji mzima hakuna anayejua Kiswahili, halafu wewe na mwenzako wa chumba mnakiongea, tena mnacheza mstari mmoja! Deo pembeni, Précieux katikati. Wakawa wanaelekezana kwa Kiswahili ndani ya mchezo. Nyuma yako. Acha, yangu hiyo. Piga sasa. Mabeki wa watu walibaki wanatazamana tu.

Timu kubwa zilipochagua vijana wao, majina yao hayakuitwa. Usipoitwa, njia inayobaki ni kubisha hodi: mchujo huku, mchujo kule, ligi ya chini, safari ndefu za basi, mpaka mtu akuone. Houston ulikuwa mlango wa mwisho. Baba alishasema, huo ukifungwa, kuna kazi ya ghala Mesquite inamsubiri Deo.

Kwa hiyo mnaona kilichokuwa mezani siku ile. Mmoja anaingia kwenye mchezo alioupa utoto wake wote. Mwingine anaenda kubeba maboksi.

Na mimi nilikuwa wapi miaka hiyo? Bweni, Kilimanjaro. Baba alinirudisha Tanzania kunyooshwa, baada ya tukio la chumvi kwenye sukari ya chai ya kanisa.

Nilinyooka kweli. Nilijifunza kudeki, kupanga mstari, na kuandika insha yenye mwanzo, kati na mwisho. Nilijifunza pia kufunga kamba za viatu vya kiranja kwenye mguu wa meza bila yeye kujua. Mwishowe nikawa kiranja mwenyewe, hapo ndipo nchi ilipoharibika.

Jambo kubwa nililojifunza bweni ni hili: mwalimu wa zamu akiuliza nani kafanya, hakuna anayesema. Bweni zima lipigishwe magoti, husemi. Tuliita huo uaminifu.

Nikarudi nao Texas kama cheti.

Asubuhi ya mchujo, familia nzima tulikunywa chai kwa Mama Faustine. Précieux, huku akila mandazi ya mama yake, akatusimulia jinsi Deo alivyowahi kumbandika selotepu kule Minnesota, akaanguka mbele ya timu nzima. Alicheka mpaka chai ikampalia.

Nikaona Précieux anadai kisasi, na wa kumlipizia ni mimi.

Nikatoka kama naenda msalani. Mabegi yalikuwa kwenye korido. La Précieux lilikuwa wazi. Nikachukua selotepu yake, nikakata vipande viwili, nikabandika chini ya vyuma vya Deo, nikarudisha kava juu yake, nikarudisha selotepu mahali pake.

Nikarudi mezani kumalizia mandazi.

Nilidhani ataanguka, tutacheka, nitasimama jukwaani na kuinama kama msanii. Mengine mmeshayasikia.

Kidevu kikashonwa, Deo akarudi uwanjani na hasira, akafunga magoli mawili. Akasainishwa. Mama alilia kwa furaha pale pale kwenye maegesho, amemkumbatia mpaka plasta ikabanduka.

Ningeanzia wapi? Nikasema nitasema kesho. Kesho ikaja, nikaikuta na kesho yake.

Halafu sasa, ndugu wasomaji, ninyi nanyi mnaingia.

Mnaikumbuka simulizi yangu ya rafiki mnafiki aliyemtega mwenzake kwenye barafu? Ile mliyoishea mpaka ikanirudia kutoka kwa shangazi yangu wa Dodoma?

Niliitunga ili nisiulizwe. Watu wakishapata mbaya wao, hawatafuti mwingine. Mle ndani jina la Deo nililibadilisha. Langu sikuliweka. La Précieux nililiacha kama lilivyo.

Mkamtukana. Na mimi nikawawekea vikopakopa vya kupenda chini ya kila komenti.

Houston wakamtambua. Mama Faustine huimba kwaya, na mmoja wa wanakwaya alimsomea komenti zenu kwa sauti, wenzake wanasikia. Tangu hapo hakurudi mazoezini. Précieux naye akaanza kazi ya kupakia maboksi kwenye ghala. Nilipozisikia habari hizo, sikula siku hiyo. Kesho yake nikala. Hiyo ya kula ndiyo inaniuma zaidi.

Sasa tuje leo.

Mechi ya kwanza ya Deo ni wiki ijayo, na leo alikuja Irving kupumzika. Mama alipika pilau na kuku wa kurudi nao Houston. Akaniambia nizifunge zile trei za foili kwa selotepu, mchuzi usimwagike garini.

Nina tabia moja. Nikikata selotepu, ncha yake naikunja kidogo, inabaki na kiulimi cha kushika. Bweni tulifunga hivyo vyakula vyetu vya magendo ili vifunguke bila kelele. Nyumbani kwetu hakuna mwingine anayefanya hivyo.

Deo alikuwa ameegemea friji, ananitazama mikono.

"Bado unakunja ncha," akasema.

"Ndiyo. Si inafunguka vizuri?"

"Hata zile za Houston ulikunja."

Mkasi ukanitoka mkononi.

"Ulijua...?"

"Niliibandua mwenyewe."

"Tangu lini, Deo?"

"Tangu niko chini."

Nilitamani apige kelele. Hakupiga. Nikamuuliza mbona hakusema. Akapapasa kovu la kidevu.

"Ningesema ni wewe, ungekuwa utani wa nyumbani. Précieux angebaki." Akageuzia uso kwenye friji. "Na Précieux alikuwa ananizidi. Mchujo wote alikuwa ananizidi."

Nikamwangalia kaka yangu kama mtu nisiyemjua niliyekutana naye kwenye lifti. Mimi niliogopa. Yeye alichagua. Halafu nikakumbuka simulizi yangu na vile vikopakopa... nikaona hakuna hata mmoja wetu wa kumnyooshea mwenzake kidole.

"Rudieni," sauti ikasema.

Mama. Yuko mlangoni, mwiko mkononi.

Nikaanza na kikohozi. Akanikatiza. "Nimesema rudieni. Kuanzia mwanzo."

Tukarudia. Mbele ya wanafunzi mia tatu nimewahi kusoma taarifa bila kutetemeka, lakini mbele ya mwiko ule sauti yangu ilikuwa ya kuku. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akazima jiko, akamwita Baba achukue ufunguo wa gari.

"Trei zipakieni," akasema.

"Tunampelekea nani, Mama?"

"Ambaye hatujamuomba msamaha."

Njia nzima hadi Houston hakuna aliyewasha redio. Baba aliuliza swali moja tu, kama kuna mtu anataka kusimama kujisaidia. Nilitaka. Nikasema sitaki. Sikuona kama nastahili.

Précieux mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa na fulana ya kazini, ile ya manjano inayong'aa. Akamwona Mama, uso ukafunguka, akamwamkia. Akamwona Deo, ukajifunga.

Nikasema. Sikupamba, sikutania. Nilisema korido, begi, selotepu, bisi, simulizi. Mama Faustine alikaa polepole kwenye mkono wa kochi.

Précieux alimwangalia Deo.

"Na weye ulijua?"

"Nilijua."

"Siku gani?"

"Nikiwa bado chini, kwenye barafu."

Précieux akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayehesabu kitu kikakataa kutimia.

"Nilikuambia unanijua," akasema. "Kumbe ni miye sikukujua."

Deo alilia. Sijawahi kumwona akilia tangu siku ile ya basi. Kisha akatoa simu, akampigia kocha, akaweka sauti juu, akamwambia kila kitu tukiwa tumesimama pale. Kocha akasema Jumatatu asubuhi waende wote wawili, na viatu vyao, waigombee upya. Hakuahidi kitu kingine. Kwa hiyo nafasi ile sasa hivi haina mwenyewe, na tangazo langu la juu naomba lifutwe kwenye kumbukumbu.

Mama Faustine alizipokea trei. Akashika kile kiulimi cha selotepu, akavuta, ikafunguka bila shida. Akatupakulia wote, hata mimi.

Tulipomaliza, akaniuliza maneno yale niliyaandika wapi.

"Kwenye ukurasa wangu, mama."

"Basi andika pale pale."

Ndipo mnaponiona. Nimekaa kwenye zulia la Mama Faustine, Précieux yuko nyuma yangu, anasoma kila mstari ninaouandika.

Somo? Kukaa kimya huku mwenzako anaadhibiwa si uaminifu. Bweni walituambia tunyamaze kwa ajili ya mwenzetu. Mimi nilinyamaza kwa ajili yangu. Na mliomtukana, mnajijua. Komenti zenu bado zipo, na mwenye jina yuko hapa anazisoma.

Nilidhani nimemaliza. Nikaandika chini: wenu mtiifu, Kiranja Mstaafu.

Kidole cha Précieux kikapita juu ya bega langu, kikagusa hapo hapo.

"Jina yako iko wapi?"

"Hapa wananijua kwa hilo."

"Mi waliniita kwa jina yangu."

...

Sawa.

Selotepu ilikuwa ya Précieux. Mkono ulikuwa wangu. Simulizi ya kwanza ilikuwa uongo, na niliitunga mimi.

Naitwa Ndeshi Gelasius, wa Irving.

Ni mimi.