Tarehe Aliyoiandika Gideoni

“Bi Rahabu, Nairobi wameikataa tena.”

Iddi, karani wa posta ya Same, aliisukuma bahasha juu ya kaunta kwa kidole kimoja, kama mtu anayekwepa lawama.

“Wanasemaje?”

“Yale yale. Tarehe.” Iddi akavaa miwani, akaitafsiri barua taratibu: “‘Tunasikitika kwamba kwa mara ya tatu hatuwezi kumwandikisha mtoto huyu wa mbwa. Tarehe ya kupandisha aliyoiandika mwenye dume haiwezekani kabisa. Safari hii tunairudisha fomu yenyewe mjionee, pamoja na fomu mpya.’”

“Asante.”

“Asante tu? Dada, mara tatu! Mwingine angeshapiga meza.”

Rahabu hakupiga meza. Aliitia bahasha kwenye kikapu pamoja na chumvi na sabuni, bila hata kuchungulia ndani. Ndivyo alivyokuwa: umpe habari njema, asante, umpe mbaya, asante. Mwaka ule wa 1971 watu wa Same walimsifu kuwa ni mwanamke mtulivu. Utulivu gani! Mama wa watu alikuwa amekufa ganzi.

Nje, Lugano alikuwa akimsubiri kwenye Landrova ya serikali. Alikuwa askari wa wanyamapori wa Mkomazi, Mnyakyusa wa Rungwe, mrefu, mcheshi, na mapenzi yake kwa Rahabu hayakujificha hata kwa wauza ndizi wa stendi.

“Hati zimekuja?”

“Fomu imerudi.”

“Tena!” Lugano akaupiga usukani. “Kozi ya mbwa wa serikali inaanza tarehe mosi, na bila hati za ukoo hawampokei. Mbwa mzuri vile, mbegu safi, tunakwama kwa karatasi!” Kisha akashusha sauti. “Na wewe ulisema hati zikitoka ndipo tufunge ndoa.”

“Nilisema.”

“Au ulisema hivyo kwa kuwa ulijua hazitatoka?”

Rahabu alilifikiria swali lile. Lilikuwa swali la haki kabisa.

“Sijui,” akasema.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Meneja wa shamba la mkonge, shamba lilipochukuliwa na serikali, alifunga mizigo akaenda zake Ulaya. Aliacha mbwa wawili wa Kijerumani wenye hati zao kamili: jike, Freda, alimwachia mpishi wake Rahabu, dume, Rex, alimwachia dereva wake Gideoni. Gideoni alikuwa mume wa Rahabu, lakini wakati huo wazee walikwisha kuwaachanisha, naye akapanda na dume lake kwao Mamba, kijiji cha mlimani, huku Rahabu akibaki bondeni na jike lake. Februari, Lugano alimpeleka Freda Mamba kwa siku tatu. Walizaliwa watoto wanne, akapona mmoja. Chama cha wafuga mbwa cha Nairobi kilitaka fomu ijazwe na wote wawili, na sehemu ya tarehe ni ya mwenye dume. Mara tatu Rahabu alikuwa amepanda mlima. Mara tatu Gideoni alijaza mwenyewe na kuifunga bahasha kwa mkono wake.

“Anakukomoa,” akasema Lugano. “Anajua hati zikitoka utaolewa.”

“Labda.”

“Labda! Twende leo leo. Nitakungoja chini ya mlima, nisije nikavunja mtu meno.”

Huko Mamba, Gideoni alikuwa akianika kahawa uani. Alipomwona Rahabu, akafuta mikono kwenye suruali.

“Karibu, mama Eliaichi.”

Hakuna mwingine duniani aliyekuwa bado anamwita hivyo. Kila alipolisikia jina lile, Rahabu alihisi ameitwa mtu mwingine aliyesimama nyuma yake. Alikaa, akapewa makande, akala. Hata chumvi hakujua kama imo.

“Imerudi,” akasema.

“Lete nirekebishe.”

Gideoni alinyoosha mkono upesi mno. Ule upesi ndio uliomfanya Rahabu aishike bahasha, na kwa mara ya kwanza akaitoa fomu mwenyewe. Kiingereza hakukijua, lakini tarakimu alizijua. Nairobi walikuwa wamezizungushia wino mwekundu: 9-5-1966.

“Freda alikuja huku Februari, mwaka huu,” akasema.

“Ndiyo.”

“Hapa umeandika tarehe tisa Mei, sitini na sita.”

Gideoni akainama.

“Na zile fomu mbili za kwanza?”

“Hiyo hiyo.”

Tarehe tisa Mei, 1966, mtoto wao Eliaichi alikufa kwa surua katika kambi ya wafanyakazi wa shamba, mikononi mwa mama yake, akiwa na miaka mitatu. Jioni ile gari la shamba lilikuwa njiani kwenda Moshi, likimpeleka Rex kwa daktari wa mifugo, na dereva alikuwa Gideoni. Meneja alikataa kumpa mtoto gari la kwenda hospitali. Hivyo ndivyo Gideoni alivyomwambia mkewe kabla hajaondoka, na hivyo ndivyo Rahabu alivyoishi akijua.

“Unanikomoa, Gideoni?”

“Hapana. Mara ya kwanza nilishika kalamu, nikaona pameandikwa tarehe, mkono ukaandika hiyo. Sikujua hata nimeandika nini. Mara ya pili nilijua. Nikaifunga bahasha haraka.”

“Na ya tatu?”

“Bado naogopa, lakini ya tatu nilitaka uione.”

“Nione nini? Tarehe hiyo naijua kuliko wewe. Wewe hukuwepo.”

“Yote huijui.” Gideoni akaketi chini kabisa, udongoni. “Meneja hakukataa.”

“Nini?”

“Hakukataa, kwa sababu sikumwomba. Nilifika barazani nikamkuta amefura, mbwa anatapika. Akanirushia funguo, akasema, Moshi sasa hivi. Nikasema ndiyo, bwana. Nikaja nyumbani kuchukua koti. Wewe ukaniuliza, amesemaje? Nikakuambia amekataa.”

“Same ilikuwa njiani.”

“Nilipita mlangoni pa hospitali. Gari lina viti vitupu nyuma.”

“Kwa nini, Gideoni?”

“Niliogopa kazi yangu. Nikajiambia ni surua tu, nitamwomba kesho.”

Rahabu aliiangalia kahawa mkekani. Miaka mitano alimchukia mgeni aliyekwisha kuvuka bahari, na chuki ile ilikuwa imepoa kwa kukosa wa kuielekea. Sasa wa kuielekea alikuwa ameketi udongoni mbele yake, mvi zimeanza kumtoka.

“Shika,” akasema, akampa fomu mpya. “Andika tarehe ya mbwa. Sita Februari. Andika nikiona.”

Gideoni aliandika. Akatia saini. Rahabu akasubiri wino ukauke.

“Nisamehe, mama Eliaichi.”

“Leo hapana.”

“Basi lini?”

“Usinipangie siku!” Sauti ilimtoka kubwa hata yeye mwenyewe akashtuka, na Rex akasimama pale alipolala. “Umenidanganya mwanangu akiwa anakata roho! Halafu unaniachia Nairobi waniambie!”

Rahabu akachukua kikapu, akatoka.

Alianza kulia kwenye kona ya pili ya njia. Si kilio kizuri. Kilikuja kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kuamka, ule mchomo unaokufanya ushindwe kuukanyagia, na mara mbili ilimbidi ashike migomba ya watu. Wanawake waliokuwa wakipanda na mizigo walimpa pole bila kumuuliza.

Lugano alipomwona, aliruka kutoka garini.

“Amekufanya nini? Ngoja nipande!”

“Kaa. Fomu hii hapa. Kila kitu sahihi.”

“Sasa unalia nini? Tumemaliza! Mwezi ujao harusi.”

“Lugano, mbwa mchukue. Mimi siwezi kuolewa mwezi ujao. Nina mtoto wa kumlilia.”

“Mtoto gani?”

Miaka miwili wanapendana, na hakuwahi kumwambia. Hakumficha. Maneno hayakuwepo.

“Eliaichi. Wangu na Gideoni. Alikufa na miaka mitatu, na mimi sijamlilia hata siku moja.”

Lugano alikuwa amekwisha kukaa kwenye usukani na kuwasha gari. Akalizima. Akavua kofia, akaiweka magotini, na ule ucheshi wake wote ukakosa pa kukaa.

“Harusi itajijua,” akasema. “Nisimulie.”

“Alivyokufa?”

“Hapana. Anza alipozaliwa.”

Rahabu akajifuta uso kwa kanga, machozi mengine yakaja papo hapo, akayaacha yatiririke.

“Alizaliwa Jumapili,” akasema, “watu wako kanisani, akalia mpaka mchungaji akakatiza mahubiri.”