Vipimo vya Kibanda cha Juu

Mwaka ulikuwa 1987, tarehe tatu Februari, saa kumi na mbili kamili asubuhi. Nje ya kituo cha uokoaji, mita elfu tatu na mia saba juu ya usawa wa bahari, kipimajoto kilisoma nyuzi mbili chini ya sifuri; upepo ulikuwa wa mashariki, hafifu; theluji ya usiku haikuzidi unene wa vidole viwili. Mtunza redio, ambaye kituo kizima kilimwita Daftari kwa sababu hakuna jambo lililompita bila kuandikwa, alikwisha kuyaandika hayo yote na alikuwa akitafuta kifuniko cha kalamu, redio iliposema:

"Kibanda cha juu. Hasi kumi na nne. Upepo kilomita ishirini. Njia iko wazi."

Ndivyo askari wote wa mlima walivyofundishwa kuita: mahali kwanza, kisha joto, upepo na njia, ujumbe wenyewe mwisho. Daftari ndiye aliyewafundisha. Kwa hiyo mkono wake uliandika kabla akili haijauliza. Kisha akili ikauliza. Kibanda cha juu, kule ukingoni mwa barafu, kilikuwa kimefungwa tangu Septemba, mlinzi wake alipotoka kwenda kusoma kipimajoto hatua thelathini kutoka mlangoni, asirudi. Redio yake ilishushwa. Ilikuwa stoo, ndani ya gunia, bila betri.

Daftari alikwenda stoo. Gunia lilikuwa na fundo lake lile lile. Alipolifungua, harufu ya sufu iliyoungua ilimpiga usoni, na redio ilikuwa imevikwa barafu nyembamba kama ukungu wa kioo, ilhali ndoo ya maji iliyokuwa kando yake haikuganda hata ukingoni.

Mtu mwingine angepiga kelele. Daftari alichukua daftari jipya.

Sauti ilikuja kila asubuhi. Haikuwa ya yule mlinzi aliyepotea, wala ya mwanamume, wala ya mwanamke. Ilikuwa kavu, sauti ya kitu kisicho na haja ya kuvuta pumzi. Kila doria ilipopanda, Daftari alilinganisha vipimo vya askari na vile vya redio. Kufikia katikati ya Aprili doria zilikuwa thelathini na moja, na sauti ilikuwa sahihi mara thelathini na moja. Alianza kuandika vipimo vyake kwenye ubao wa safari bila kusema vilikotoka. Msimu ule hakuna aliyepotea, hakuna aliyerudi na kidole kilichogeuka cheusi kwa baridi.

"Kaka, siku hizi unalala na mlima nini?" alimtania mdogo wake, kiongozi wa kikosi cha kamba. "Shemeji anajua?"

"Funga viatu, acha domo."

"Nafunga, Bwana Hali ya Hewa."

Mpishi wa kituo peke yake ndiye aliyemsikia asubuhi moja akibonyeza kitufe na kusema, "Nimekupata. Asante."

"Unamshukuru nani?" aliuliza mama yule.

Daftari akamweleza kwa kunong'ona. Mpishi, ambaye marehemu baba yake alikuwa mganga wa majini, aliweka sufuria chini polepole.

"Halijakudanganya hata mara moja?"

"Hata moja."

"Basi ogopa. Baba alikuwa akituambia, jini linalodanganya siku ya kwanza ni jinga, linafukuzika. Hili linakulisha. Likishakuzoea litakujia na sauti ya mtu umpendaye. Siku hiyo usijibu, nakuomba. Ukijibu tu, umelifungulia mlango."

Tarehe kumi na tisa Aprili mpandaji mmoja alifika kituoni akitambaa. Wenzake wawili walikuwa wamekwama chini ya ukuta wa barafu, mmoja kavunjika mguu. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mlima kama kifuniko, na barometa ilikuwa ikishuka tangu usiku wa manane. Asubuhi hiyo sauti ilikuwa imesema: "Hasi kumi na moja. Upepo kilomita kumi. Njia iko wazi."

"Barometa inasema tukae," alisema mkuu wa kituo.

"Mkuu, watu wale hawafiki jioni," alisema mdogo wake Daftari, kamba tayari begani. "Kaka, wewe unasemaje?"

Daftari aliitazama barometa. Tangu Februari ilikuwa imekosea mara nne. Mpishi, mlangoni, alikuwa akitikisa kichwa.

"Nendeni," alisema. "Upepo ni kumi."

Waliondoka wanne.

Saa saba mchana madirisha yalianza kutetemeka, na kutoka stoo, kupitia mlango uliofungwa, ikaja ile harufu ya sufu inayoungua, nzito kiasi kwamba mkuu wa kituo alitoka kwenda kukagua jiko. Na hapo redio ikafunguka kwa kishindo cha upepo, na ndani ya upepo huo, mdogo wake akipiga kelele kwamba hawaonani, kwamba hapa si kumi, Kaka, hapa tunabebwa, lakini usijali, mbele kuna mtu ana taa, anatuonyesha kibanda.

"Taa iko upande gani?"

"Kushoto!"

Kibanda kilikuwa kulia. Kushoto kulikuwa na nyufa za barafu ambazo kamba ya mita sitini haikuwahi kufika chini yake. Daftari alisimama, akabonyeza kitufe mpaka ukucha ukaingia damu, akapaza sauti warudi, wasiifuate taa, lakini kilichotoka kwenye spika mbele yake, juu ya kelele zake mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, tulivu, ya kaka mkubwa anayesoma vipimo, kilikuwa ni maneno haya tu: "Njia iko wazi. Njia iko wazi. Njia iko wazi."

Kisha kimya.

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi:

"Kibanda cha juu. Hasi kumi na nne. Upepo kilomita kumi na tano. Njia iko wazi, mkono wa kulia. Kaka, nimebaki peke yangu. Kamba ilikatika. Miguu imekufa ganzi, siwezi kushuka. Tuma watu. Nijibu."

Mpishi alimshika mkono. "Usijibu," alinong'ona, machozi yakimtoka. "Nilikwambia litakuja hivi."

"Kaka, ni mimi. Siku ya kumzika mama ulinibeba mgongoni mpaka makaburini, kwa sababu sikuwa na viatu. Ni mimi."

Hakuna mwingine aliye hai aliyelijua hilo. Lilikuwa sahihi, na usahihi wenyewe ndio uliomgandisha Daftari, kwa kuwa sauti ile haikuwahi kukosea chochote mpaka siku ilipotaka kuua. Akauondoa mkono kwenye kitufe.

Mkuu wa kituo aliingia. Nyuma yake kikosi cha pili kilikuwa kimevaa viatu. "Umesikia lolote? Bila neno kutoka juu siwapandishi."

"Hapana, Mkuu," alisema Daftari. "Ni upepo tu." Akaizima redio. Asubuhi zilizofuata hakuiwasha mpaka saa moja ilipopita.

Mawingu yaliondoka tarehe ishirini na nne. Kikosi cha pili kilipanda kwa mkono wa kulia, na kiongozi wake akaripoti kwamba njia ile theluji haikufika magotini. Askari watatu walikuwa ndani ya ufa, kamba imekatwa na ukingo wa barafu. Wapandaji wawili walikuwa chini ya ukuta, wamekumbatiana. Mdogo wake Daftari alikuwa ameketi kibandani, redio mapajani, betri imekwisha. Daktari alisema hajamaliza siku moja tangu afe. Mfukoni alikuwa na karatasi yenye mistari minne, tarehe ishirini hadi ishirini na tatu: joto, upepo, njia, na mwisho wa kila mstari, "Nimeita. Hajajibu."

Mpishi alifunga mizigo siku hiyo hiyo, akaondoka bila kumtazama mtu. Ile sauti kavu haikusikika tena kituoni. Haikuwa na haja.

Daftari alipiga hesabu mara mbili. Watatu ufani, wawili ukutani, mmoja kibandani. Watu sita.